Kiti cha Mtangazaji wa Zamu

Mama Dakika aliingia studio saa kumi na moja na nusu alfajiri, akaketi kwa uangalifu wa mtu anayekalia mayai, kisha akajikausha. Kiti chake kilikuwa na mlio. Ukikizungusha kidogo tu, kililia kwa sauti ambayo wasikilizaji walikuwa wameilalamikia kwa barua nyingi, na watu wa ghala walikuwa wakiahidi kingine tangu mwaka uliopita. Kwa hiyo alikuwa amejifunza kutangaza bila kutikisika, kama picha iliyotundikwa ukutani.

Alikuwa mtangazaji wa zamu katika redio ya taifa ambayo haikupiga muziki. Ilikuwa mazungumzo tu, kutwa nzima. Kazi yake ilikuwa kuunganisha kipindi na kipindi, pasitokee pengo. Pengo lilikuwa na mlinzi wake, kisanduku cha chuma ambacho wafanyakazi walikiita Askari. Askari alihesabu sekunde za ukimya. Sauti yoyote, hata kikohozi, ilimrudisha kwenye moja; lakini akifika thelathini aliwasha taa nyekundu, akapiga tarumbeta mwenyewe nchi nzima, na kuchapa karatasi ofisini kwa mkurugenzi.

Mama Dakika alikwisha kupewa barua mbili za onyo: ya kwanza mkanda ulipokatika, ya pili mtaalamu wa kilimo aliposinzia katikati ya habari za mbolea. Barua ya tatu ingemwondoa kwenye maikrofoni, baada ya miaka ishirini na sita, na kumpeleka maktaba ya kanda za sauti, chumba kisicho na dirisha.

"Umeamkaje, dada?" aliuliza fundi mitambo kutoka upande wa pili wa kioo.

"Nimeamka na barua mbili."

"Basi usitafute ya tatu. Mama mkwe wangu hapati usingizi wa mchana bila sauti yako."

"Huko ni kunisifu au kunitukana?"

Asubuhi ilikwenda sawasawa. Ilisomwa taarifa ya habari, zikafuata bei za mazao; daktari wa meno akafundisha kupiga mswaki kwa robo saa nzima; mkutubi akawasomea watoto hadithi; ukachezwa mchezo wa kuigiza ambamo mlango ulibamizwa mara tisa. Adhuhuri wataalamu watatu walijadili barabara, wasikubaliane hata juu ya zamu ya kusema. Kila kipindi kilipokwisha, Mama Dakika alitaja saa.

Saa tisa alasiri kilianza kipindi alichokiendesha yeye mwenyewe, cha kuwatafuta watu waliopotezana. Mbele yake aliketi seremala mwenye mvi, aliyemtafuta mdogo wake kwa miaka kumi na mmoja. Tangazo lake lilikuwa limesomwa wiki iliyotangulia, na asubuhi hiyo mdogo mtu alikuwa amepiga simu akikubali kuzungumza naye hewani.

"Mligombana juu ya nini, mzee wangu?" aliuliza Mama Dakika.

"Viti. Mwalimu mkuu alikuja kuchukua viti vya shule. Mimi nikamwambia, mbele ya watu, kwamba vilivyotengenezwa na mdogo wangu vinalia. Kesho yake hatukumwona tena."

Fundi aliinua kidole: simu ilikuwa imeunganishwa.

"Nipo," ilisema sauti nzito. "Lakini nasema mapema: akinijibu mwingine yeyote, nakata simu. Nataka kumsikia yeye."

Seremala alifumbua mdomo. Halikutoka neno. Alishika ukingo wa meza, akaupapasa kama anayetafuta kasoro ya ubao, machozi yakamlengalenga.

Kanuni ya kazi ilimtaka mtangazaji aseme kabla ya sekunde ya kumi. Mama Dakika alimtazama Askari: kumi na mbili. Nyuma ya kioo fundi alikuwa akizungusha mikono kama anayefukuza nyuki. Kumi na tisa. Akisema, simu itakatwa. Akinyamaza, tarumbeta italia juu ya ndugu hawa wawili, naye kesho atakuwa akipangusa vumbi kwenye kanda. Ishirini na nne. Alifikiria kukohoa, lakini kikohozi nacho kina mwenyewe, na yule aliyeko kwenye simu angejua kwamba si cha kaka yake.

Ishirini na saba. Mama Dakika alikaza miguu sakafuni na kukizungusha kiti.

Kililia kirefu, kwa uchungu, nchi nzima ikasikia. Askari akarudi kwenye moja.

Kisha sauti nzito ikauliza, "Kaka, na hicho nacho nimekitengeneza mimi?"

Seremala alicheka kwa kushtukiza, kicheko kikageuka kilio, na maneno yakapata njia. "Hapana, mdogo wangu. Hiki ni cha serikali. Vyako havikulia hata kimoja. Mwalimu alivipenda vyako kuliko vyangu, nami nikaona wivu, nikasema uongo."

"Miaka kumi na mmoja, kaka!"

"Miaka kumi na mmoja. Nisamehe."

"Nitakuja Jumapili. Lakini sikai mpaka nikague kiti kwanza."

Kipindi kilipokwisha, seremala aliinama chini ya kiti cha Mama Dakika. "Ni parafujo moja tu imelegea. Nikaze?"

"Ukiigusa, mzee wangu, tutakosana mimi na wewe."

Mkurugenzi aliingia mikono mitupu. Askari hakuwa amechapa kitu. "Sekunde ishirini na saba, nimezihesabu mwenyewe," alisema. "Umenirusha roho, mama. Tena watu watatu wamekwisha kupiga simu kulalamikia kelele. Nimewabana watu wa ghala, kiti kipya kipo mlangoni."

"Kipelekwe kwa msomaji wa habari, bwana. Yeye ana mgongo mbovu."

"Na wewe?"

Taa ya hewani iliwaka. Mama Dakika alijikausha, akasogeza mdomo kwenye maikrofoni.

"Ni saa kumi kamili," alisema. "Sasa sikilizeni bei za mazao."