Neno Lenye Kuku Ndani Yake

Kikao cha kumjadili Chuma kilianza saa tatu asubuhi, na mkalimani alikuwa dada yake wa tumbo moja. Mkalimani wa siku zote aliugua, ofisini karani anayejua Kiingereza ni mmoja tu, basi akaitwa yeye. Hakuna aliyeuliza ni ndugu wa nani.

Juzi yake Chuma, mwendesha kreni, alikubali kunyanyua nguzo, akapanda, kisha akashuka bila kugusa hata moja. Nyumbani alitamba kwamba mashine ilikuwa mbovu. Fundi aliipima akaikuta nzima.

Msimamizi, mgeni asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji, akasimama. "He chickened out," akasema.

Dada alilielewa vizuri mno. Neno hilo shuleni halifundishwi. Ni la vijiweni, lina kuku ndani yake, na huambiwa mtu aliyekubali jambo kifua mbele, halafu dakika ya mwisho roho ikamruka. Kwa Kiswahili, aliufyata. Lakini angelitamkaje mbele ya wanaume tisa wanaomwita mdogo wake Chuma?

"Anasema... aliahirisha."

Mwenyekiti akaacha kuandika. "Aliahirisha? Kwa ruhusa ya nani? Kumbe ni kiburi! Anajipangia kazi kama kiwanda ni cha baba yake? Huyo aende zake."

Dada akatupa jicho ukutani. Kanuni iliyobandikwa pale aliitafsiri yeye mwenyewe mwaka jana: anayeingiwa na hofu juu ya kreni ashuke, wala asiadhibiwe. Mwenye kiburi hakuwekewa kanuni ya kumwokoa. Huruma yake, huruma ya kijinga kabisa, ndiyo iliyokuwa inamfukuzisha mdogo wake kazi.

Mwenyekiti alikwisha kuishika tena kalamu.

"Samahani, mzee," dada akasema. "Nimetafsiri vibaya. Hakusema aliahirisha. Amesema aliufyata."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mmoja alipiga meza, mwingine akafuta machozi. Chuma alimkodolea dada yake macho, na dada akaona aibu mpaka kwenye mifupa.

"Nyamazeni!" Mwenyekiti akamgeukia Chuma. "Kijana, uliogopa?"

Dada alimjua mdogo wake. Akiwa mtoto alivunjika mkono akakaa nao siku mbili bila kusema. Angekataa hapa, mbele ya wenzake, na akikataa kazi imekwenda.

Chuma hakumtazama mwenyekiti. Alimtazama dada.

"Niliogopa, dada," akasema. "Upepo ulivuma, kreni ikayumba. Nikamwita mama."

Hakuna aliyecheka. Msimamizi akamgeukia mkalimani, akingoja Kiingereza. Dada akafungua mdomo, kilio kikamtangulia.

Msimamizi akainua kiganja taratibu kumzuia, akaketi. Alikwisha kuelewa.