Kipande cha Katikati

Mwaka wa sitini na nne, waasi wa Simba wameshika Kisangani na maduka yamefungwa, Florentine akawa anakaribia kuzaa. Nilimwambia kweli amejua kuchagua msimu. Florentine ni mke wa Asumani, mtoto wa marehemu dada yangu. Asumani alikuwa amepeleka lori Bafwasende kabla barabara haijafungwa, na tangu hapo hatukupata habari zake, njema wala mbaya.

Mimi ni fundi cherehani, na ulimi wangu una mbio kuliko sindano. Nikatangaza uani: mwenye blanketi kuukuu, laini, alete, nimshonee mtoto la viraka. Langu na la Florentine nikayakata kwanza. Jirani yetu Berthe, mtu wa Opala, akaleta la waridi lenye alama ya pasi.

"Hii iko souvenir, ukumbusho ya ndoa yangu," akasema.

Nikamwambia ndoa ndiyo iliyoungua, blanketi limenusurika. Akacheka mpaka akakaa chini. Mzee wa uani, Tonton Alfani, naye akaleta kitu alichoapa ni sufu ya Ulaya. Nikakinusa: gunia la kahawa. Nikamrudishia akalalie mwenyewe.

Nilikata miraba kwa kufuatisha kitako cha kopo la biskuti, nikaunga mitatu mitatu. Mstari wa juu ukatimia, na wa chini pia. Wa kati ukakosa kipande kimoja, kile cha katikati, na sehemu zilizobaki za yale mablanketi zilikuwa zimechakaa mno.

Nyumbani lilikuwa limebaki blanketi la Asumani, la kijivu, laini kuliko yote, limekunjwa upande wake wa kitanda. Nikalichukua, nikashika mkasi. Florentine akalinyakua. Na tumbo lile, sijui mbio alizipata wapi.

"Mama Zaina, bulangeti ya mutu banakata kisha matanga! Bwana yangu hayakufa."

Nikaweka mkasi chini. Alisema kweli. Kwetu nguo za mtu hukatwa na kugawanywa matanga yakiisha, nami nilikuwa karibu kumzika mtoto wa dada yangu huku natania. Niliona aibu sana. Pale katikati nikaweka kitenge.

Mtoto akazaliwa, msichana, na sauti ya muuza samaki. Mvua zilikuwa zimekaza. Kila tukimfunika, kile kitenge chepesi kinaangukia kifuani, na haikupita muda akaanza kukohoa.

"Mumemuachia mutoto dirisha ku kifua," Berthe akasema.

Asubuhi moja Florentine akaja na blanketi la kijivu, akaliweka juu ya cherehani.

"Kata, mama."

Nikamuuliza: "Umesikia habari?"

"Siyasikia kitu. Lakini akirudia, atanigombeza. Atauliza nani aliniambia nikate bulangeti yake." Akafuta pua kwa mkono. "Niko nataka anigombeze."

 Nikakunjua blanketi, nikaweka kopo pembeni kabisa, pasipoonekana sana.

"Hapana," akasema, akalisogeza kopo. "Kata katikati."

Nikakata. Alichukua lililobaki, akaenda kulitandaza kitandani upande wa Asumani, tundu lile juu, alione kwanza atakapoingia mlangoni.