Homa Hana

Eveline hakuwa na gari, hakuwa na shahada ya pili, hakuwa na mjomba Dodoma, wala ajira ya kudumu. Alikuwa na mkataba unaoisha mwezi huo, na ramani iliyomnyima usingizi.

Aliichora mwenyewe, ofisini Mbeya, kwa majibu ya kaya walizozitembelea yeye na wenzake: je, mtoto amepata homa wiki mbili zilizopita? Kilolo, kwenye baridi, ramani iliwaka nyekundu. Chimala, kwenye majaruba ya mpunga na mbu wa kumwaga, ilikuwa nyeupe pe. Baada ya siku mbili wakubwa wa afya Dodoma wangeitumia kugawa vyandarua vya kukinga malaria, na Chimala isingepata hata kimoja.

Alfajiri alipanda basi hadi Chimala, akabisha hodi nyumba ya kwanza. Apolonia, mama mwenye nyumba, alikuwa amempakata mtoto aliyelegea kama kitambaa kilicholowa.

"Mtoto ana homa, mama?"

"Homa? Homa hana."

"Mbona anachemka hivi?"

"Dada nawe! Si nimekwambia hana homa? Ana malaria huyu. Homa ni mafua, chai ya tangawizi inatosha. Nipishe niwahi zahanati!"

Eveline akampisha. Akampigia simu Frida, mwenzake aliyehoji Kilolo. Frida akacheka. "Kule? Mtu akipiga chafya mbili tu, anakwambia ana homa!"

Kumbe alikuwa amechora ramani ya mafua.

Mchana alirudi Mbeya. Bwana Gwakisa, mkuu wa utafiti, hakucheka.

"Ramani nimeshaisifu mbele ya wakubwa. Ukiikana leo, mkataba wako mpya nani atausaini, binti?"

"Sijui, mzee. Ila sahihi iliyo chini ya ramani ni yangu."

"Mchuma janga hula na wa kwao."

"Basi wa Chimala wasile."

Dodoma hawakupokea masahihisho kwa simu; walitaka barua. Akaandika mistari michache: ramani isitumike, kaya ziulizwe upya, na malaria itajwe kwa jina lake. Gwakisa alisimama mlangoni, funguo mkononi. Eveline akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja, akampita ubavuni, akateremka stendi mbiombio. Basi la jioni la Dodoma lilikuwa tayari linanguruma.

"Isilale njiani, kaka," alimwambia kondakta, akaiachia.