Honi ya Alhamisi

Alhamisi hiyo fundi Yonas alikuwa akinywa chai ya maziwa kwa chapati mbele ya gereji yake mjini Katesh. Pikapu nyeupe ya marehemu Basili ilikuwa uani, imepandishwa juu ya mawe manne, haina matairi. Alikuwa ameimaliza jana yake jioni. Mlango wa dereva ulikuwa umenyooshwa, umepakwa puti, umesuguliwa kwa msasa na kupigwa rangi mara mbili. Betri ilikuwa imetolewa, iko ndani kwenye rafu, imefunikwa kwa gunia.

Saa nne na dakika kumi na mbili pikapu ikapiga honi. Ilipiga mbili fupi, kisha moja ndefu sana, kama mtu aliyeuegemea usukani kwa mkono mzima. Halafu mlango wa dereva ukabonyea kuelekea ndani, vioo vikamwagika, boneti ikakunjika upande wa kulia, na gari zima likaruka kutoka kwenye mawe na kutua hatua mbili upande wa kushoto.

Yonas alimalizia chapati yake, akajifuta mikono, akampigia simu mwenye gari.

"Shikamoo, Mama Judica."

"Marahaba, fundi. Limekwisha?"

"Lilikwisha jana. Leo limepata ajali tena."

Efrazia alikuwa shambani kwake Nambis aking'oa vitunguu saumu.

"Nani alikuwa analiendesha?"

"Hakuna mtu, mama. Halina hata matairi."

"Basi nakuja," alisema. Lakini kwanza alimaliza tuta alilokuwa ameanza, kwa sababu saumu iliyokwisha kung'olewa haingoji.

Basili, mumewe, alikuwa amefariki miezi miwili kabla ya siku hiyo, Alhamisi vilevile. Alitoka Nambis alfajiri na magunia ya saumu, akielekea Katesh. Kwenye kona moja kabla ya Masakta alikutana na lori la bluu lililokuwa likirudi tupu. Hakufika hospitali. Mtu pekee aliyebaki wa kusimulia alikuwa dereva wa lori, naye alisimulia. Ikaandikwa kwamba dereva wa pikapu alisinzia, akahama upande wake.

Nambis nzima ilijua kwamba Basili hakuwa mtu wa kusinzia. Hata padri mgeni alipohubiri saa mbili na nusu siku ya mtakatifu somo wa parokia, wazee wote walilala isipokuwa yeye. Alikuwa pia mtu wa karatasi. Kila mwaka alilipia bima kubwa, na majirani wakimcheka kwamba barabara zenyewe hizi, bima kubwa ya nini, aliwajibu kuwa bima ni kama koti, huendi kulinunua mvua ikiwa imeshakunyeshea.

Mvua ilipomnyeshea, kampuni ya bima ilileta barua. Wakala wao Katesh, binti anayeitwa Violeth, alimsomea Efrazia polepole. Dereva aliyesinzia amevunja masharti. Gari halitatengenezwa kwa gharama za kampuni. Kuhusu madai dhidi ya lori, lori halina kosa. Lori lenyewe lilikuwa na bima ya kampuni hiyohiyo, lakini hilo halikuwamo kwenye barua. Violeth alilisema mwenyewe kwa sauti ya chini, akitazama mlangoni.

Ndipo Efrazia akauza maksai wawili na kulipeleka gari kwa Yonas. Saumu haikujua kwamba Basili amekufa. Ilikuwa ikikomaa vilevile, na mwenye usafiri wa kukodi alikuwa akila nusu ya mavuno.

Jioni ya siku ile aliyopigiwa simu, Efrazia alifika gereji, akalizunguka gari, akaingiza kidole kwenye mkunjo wa mlango. Ulikuwa mkunjo uleule. Aliujua, maana ndio uliomtoa mumewe duniani, na alikuwa ameutazama muda mrefu siku walipolivuta gari.

"Linyooshe tena," alimwambia Yonas.

"Nitalinyoosha. Ila mama, sijui kama ni kazi ya nyundo."

"Wewe nyoosha. Alhamisi nitakuwepo."

Alhamisi iliyofuata alifika saa tatu, akaketi juu ya tairi kuukuu hatua chache kutoka kwenye gari, mikono kwenye mapaja. Saa nne na dakika kumi na mbili honi ikalia. Zile mbili fupi alizijua vizuri. Ndivyo Basili alivyopiga kwenye kila kona, miaka yote ishirini na miwili ya ndoa yao, hata kwenye kona ambazo hajawahi kupita mtu. Ile ndefu hakuwahi kuisikia. Ilipoanza alisimama bila kujua kwamba amesimama. Ilipokatika, mlango ukabonyea, vioo vikamwagika, gari likaruka upande wa kushoto, na vumbi likatulia.

Efrazia alibaki amesimama. Akajifunga khanga yake upya.

"Fundi," alisema baadaye, "mtu aliyelala anapiga honi?"

"Hapigi, mama."

"Na mtu aliyehamia upande wa kulia, akigongwa, anarushwa wapi?"

Yonas alifikiri, akachora barabara mavumbini kwa bisibisi. Alichora lori, akachora pikapu. "Angekuwa amehamia upande wa lori," alisema, "lori lingempiga ubavu wa kushoto. Huyu amepigwa kulia, akasukumwa nje upande wake. Lori ndilo lililomfuata." Kisha akainama, akaokota kwenye mlango magamba ya rangi. Yalikuwa ya bluu. Gereji yake haikuwa na rangi ya bluu hata tone.

Efrazia aliyafunga magamba hayo kwenye leso, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Violeth.

"Namtaka mtathmini," alisema. "Yule anayekagua magari. Aje Alhamisi, saa nne."

"Shikamoo, mama. Mtathmini huja Jumanne."

"Marahaba, mwanangu. Jumanne gari ni zima. Aje Alhamisi."

Violeth aliandika ombi na kulituma Arusha. Arusha hawakujibu. Efrazia akarudi wiki iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Aliondoka Nambis kabla jua halijachomoza, akaketi kwenye benchi la ofisi, akauliza, akajibiwa bado, akashukuru, akaondoka. Wateja wengine walidhani ni mfanyakazi. Siku moja mzee mmoja alimkabidhi fomu zake, naye akamwonyesha mahali pa kuweka sahihi, kwani sasa alipajua.

Mji nao ulizoea. Wenye maduka ya jirani walirekebisha saa zao kwa honi ya pikapu, wakasema ni sahihi kuliko redio. Mama ntilie wa ng'ambo alisogeza meko yake hatua tatu ili vioo visiingie kwenye maharage. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi alikuja kwa heshima na kumwomba Yonas aligeuze gari litazame mlimani, maana darasa la tatu huwa na hesabu saa hiyo. Yonas alikubali, lakini Alhamisi iliyofuata gari liligeuka lenyewe likatazama lilikotazama siku ya ajali, na mwalimu akahamishia hesabu saa tano.

Yonas alijifunza. Jumatano jioni alitoa vioo na taa, akaweka ndani, akaung'oa mlango mzuri na kutundika mlango mbovu wa gari jingine. Huo ndio uliobonyea. Boneti hakuweza kuiokoa, hivyo kila Ijumaa aliinyoosha. Alisema imeshalainika kama ngozi.

Wiki ya saba mtathmini alikuja. Aliitwa Hermani, mtu mwembamba mwenye kofia na begi la kompyuta, aliyekuwa akipita kwenda Singida kukagua trekta. Alimwamkia Efrazia, akamwamkia Yonas, akatoa futi ya chuma na simu ya kupigia picha. Aliwauliza kama betri imeunganishwa. Yonas alimwonyesha betri kwenye rafu. Hermani akaandika: betri haipo.

Honi ikalia. Gari likapigwa. Hermani aliangalia saa yake, akaandika muda, kisha akapiga magoti vumbini na suruali yake safi, akapima kina cha mkunjo na umbali ambao gari lilisogea. Alikwangua magamba ya bluu na kuyatia kwenye bahasha. Alifanya kazi kwa utaratibu, bila haraka, na Efrazia akampenda kwa hilo.

Alipomaliza alivua kofia.

"Pole, mama. Nimeona. Huyu baba alikuwa upande wake, na alikuwa macho."

"Basi andika hivyo."

"Nitaandika."

"Andika hapahapa, nikusikie ukisoma."

Hermani aliketi juu ya tairi, akafungua kompyuta kwenye magoti, akaandika kurasa tatu. Kisha akasoma kwa sauti, neno kwa neno. Aliposoma "dereva alipiga honi mara tatu, ya mwisho ikidumu kwa sekunde nne," Efrazia alifumba macho. Hakuwa anajua kwamba zilikuwa sekunde nne. Yeye alikuwa akiziona nyingi zaidi.

Siku hiyo alirudi Nambis, akachinja kuku, akamwita binti yake Judica mezani, akamwambia, "Baba yako ameandikwa vizuri."

Barua ilikuja baada ya mwezi. Violeth aliifungua, akaisoma kwanza kimya, na Efrazia akaona jinsi mabega ya binti yalivyoshuka.

"Soma tu, mwanangu. Mimi si yai."

Kampuni ilimshukuru mteja wake kwa uvumilivu. Ilikuwa imeipokea taarifa ya mtathmini na haikuwa na shaka nayo. Hata hivyo, tukio aliloshuhudia lilitokea baada ya bima ya gari kuisha muda wake. Gari lilikuwa limeegeshwa, halina dereva, na lori linalotajwa lilikuwa Tabora siku hiyo. Kuhusu tukio la kwanza, lililotokea ndani ya muda wa bima, mtathmini hakuwapo. Maelezo ya dereva wa lori yanabaki kama yalivyo. Madai yamefungwa.

"Sijaelewa," alisema Efrazia. "Nieleze kwa maneno yako."

Violeth aliikunja barua, akaikunjua tena.

"Wanasema alichokiona siyo ajali yenu, mama. Na ajali yenu hakuiona."

Efrazia alikaa kwenye benchi kwa muda wa kutosha watu wawili kuhudumiwa. Hakulia pale. Alilia njiani, kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki, akamwambia dereva ni upepo, na dereva akapunguza mwendo.

Wiki hiyohiyo alianza kujifunza udereva. Yonas alirudisha matairi na betri, akamfundisha jioni kwenye uwanja wa mnada, ng'ombe wakiwa wameshaondoka. Mwanzoni gari lilimzimikia mara kwa mara. Likizima, alivuta pumzi, akaanza upya, hakulitukana. Alifanya mtihani wa leseni akafeli kurudi nyuma. Akarudia, akafaulu. Askari aliyemtahini alimwambia kwamba anapiga honi kupita kiasi kwenye kona. Efrazia alimwitikia, "Ndiyo, afande," na akaendelea kupiga.

Wakapanga wiki yao. Kuanzia Ijumaa mchana mpaka Jumatano, pikapu ilibeba saumu ya Nambis na maharage ya watu. Jumatano jioni ililala kwa Yonas. Alhamisi ilipata ajali yake. Efrazia alikuwapo kila mara, amesimama, na watu wa jirani walivua kofia zao kwa zile sekunde nne, kisha wakarudi kwenye shughuli. Ijumaa asubuhi Yonas alinyoosha boneti, akarudisha mlango mzuri, vioo na taa.

Lakini gari halitembei barabarani bila bima, hivyo Ijumaa ya kwanza ya mpango huo Efrazia aliingia tena ofisini kwa Violeth. Hakuna kampuni nyingine iliyokuwa na wakala Katesh. Violeth alifungua fomu kwenye kompyuta.

"Gari limewahi kupata ajali?"

"Ndiyo. Kila Alhamisi."

"Mfumo unataka ndiyo au hapana tu, mama."

"Ndiyo."

Violeth alibonyeza, na taarifa za zamani zikajaza zenyewe sehemu zilizobaki. Efrazia alisogeza kiti, akainama karibu na kioo, akasoma kwa kidole: Chanzo cha ajali, dereva kusinzia.

"Hapo futa."

"Hapafutiki, mama. Nimeshajaribu. Nimejaribu kwa namba yangu ya siri, nikajaribu kwa ya bosi."

"Na hapo chini, pana nafasi nyeupe. Ni ya nini?"

"Maoni ya mteja."

"Wanayasoma?"

Violeth hakutaka kumdanganya. "Sidhani."

"Andika: Basili hakulala."

Violeth aliandika. Aliyatazama yale maneno mawili, akaweka nukta.

"Lakini mama, maoni hudumu mwaka mmoja tu. Bima ikiisha, sehemu hiyo inajifuta, ile ya juu inabaki."

"Bima inalipiwa kila mwaka?"

"Kila mwaka."

"Basi kila mwaka nitakuja kuandika."

Alipokea karatasi yake, akaikunja mara nne, akamuaga binti. Nje, jua lilikuwa limeshaushika Mlima Hanang mpaka kwenye mabega, na huko Masakta kulikuwa na magunia kumi na manane ya maharage yakimsubiri. Efrazia aliwasha gari, akatazama nyuma, akatazama mbele, akaingia barabarani na kushika upande wake.