Lebo ya KIS

Waitara aliiona lebo hiyo Jumatatu asubuhi, ofisini Bomani, hata koti hajalivua. Kando ya aya yake ya homa ya mapafu ya ng'ombe, pale wasomaji wa rasimu walipozoea kuandika maoni yao, kulikuwa na kijisanduku chekundu chenye herufi tatu: KIS. Akakibonyeza kama alivyofundishwa, na programu ikamletea kila aya yenye lebo hiyo katika kitabu kizima. Zilikuwa thelathini na tano. Nne za Teresia, mwandishi mwenzake. Thelathini na moja zake yeye.

Hakuona haja ya kuambiwa maana. KIS, kisahihishwe.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha ufugaji, kwa Kiswahili chepesi. Waitara alikuwa bwana mifugo miaka thelathini na miwili kabla ya kustaafu, na Nelson, msimamizi wa mradi, alimfuata mpaka nyumbani kwake Turwa kumwomba aandike. Habari za lebo aliwaletea Lilian, mhariri. Badala ya kupekua kurasa mia mbili, aliwaambia, unabandika neno dogo kando ya aya, CHANJO au PICHA au ULIZA, na siku ukizihitaji unaliita neno hilo, zinakuja zote. Waitara alilipenda jambo hilo mpaka asubuhi ile.

Angeweza kuuliza. Lakini Lilian alikuwa vijijini Serengeti akiwasomea watu rasimu, simu yake haipatikani, na kumuuliza Teresia ilikuwa sawa na kumwonyesha kidonda. Mwezi uliopita tu Lilian alimwambia mbele ya wote kwamba sentensi yake moja inaning'inia. Alicheka pamoja nao siku ile. Neno lenyewe hakulisahau.

Tangu Jumatatu hiyo hakutulia. Alisoma aya zile akitafuta kosa, akafunga kompyuta, akaenda hadi sokoni bila kununua kitu, akarudi akazifungua tena. Nyumbani chai ilipoa mbele yake. Mkewe, Ghati, alimtazama akiinuka na kukaa, akiinuka na kukaa.

"Baba Tabitha, kama ni la kazini, si umuulize aliyelileta?"

Akajibu kwamba si la kazini, akatoka kwenda kuangalia migomba ambayo haikuwa na shida yoyote.

Jumatano akadhani amelipata kosa. Aya zote zile zilikuwa fupi, zimeandikwa kama mtu anavyoongea na jirani yake zizini. Basi ndiyo hivyo, wanamwona mzee asiyejua kuandika kisomi. Akaanza kuzibadilisha, moja baada ya nyingine, bila kumwambia mtu. Palipoandikwa, "Ng'ombe akibaki nyuma wenzake wakikimbilia maji, usingoje kesho," akaweka, "Mfugaji anashauriwa kumtenga mapema mnyama anayeonyesha dalili za awali za ugonjwa." Lebo zenyewe aliziacha, ili Lilian azitoe kwa mkono wake. Kufikia Ijumaa alikuwa amebadilisha ishirini na mbili, na wasiwasi haukupungua hata chembe.

Jumatatu iliyofuata Lilian alirudi. Alimwamkia shikamoo kwa furaha kiasi kwamba Waitara alishindwa kumtazama. Walipokaa kikao, Lilian akamwambia Nelson kwamba kazi ya kijiji cha kwanza cha safari aliiingiza usiku alipopata mtandao, chini ya lebo moja, KIS, yaani Kisaka. Hizo ni aya ambazo wanawake wa Kisaka, baada ya kusomewa mara moja, walizirudia wenyewe kwa wenyewe wakati wa kuondoka. Alipendekeza zisiguswe kabisa, zitangulie kwenda kuchapwa. Kisha akafungua ya kwanza aisome kwa sauti.

Alisoma nusu, akaiacha. Akafungua ya pili.

"Hii siyo niliyowasomea," alisema polepole.

Teresia aliinamisha macho. Nelson akauliza nani mwingine ana ruhusa ya kuingia kwenye rasimu.

"Ni mimi," alisema Waitara. "Nilidhani mmeandika kisahihishwe."

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma zaidi. Programu ile ilitunza maoni na lebo, lakini maandishi ya zamani yakishafunikwa yalikuwa yamekwenda. Lilian akakumbuka nakala aliyochapa kwa safari, akamwachia mfugaji mmoja wa Kisaka aitwaye Agustina. Akataka kupiga simu. Waitara alikuwa ameshasimama.

Alifika Kisaka kesho yake saa tano. Agustina, mama wa makamo mwenye ng'ombe kumi na wanne, alikuwa akimnywesha ndama dawa, akamwambia amshikie kichwa kwanza. Walipomaliza akamletea karatasi, zimekunjamana, kurasa mbili hazipo. Shemeji yake alizichukua kwenda kuwasomea watu wa kwao. Waitara akanakili alizozipata, aya kumi na saba. Tano zilizobaki akamwomba Agustina amwambie anavyozikumbuka.

Nne alizitaja bila kusita, na mbili kati ya hizo akazisema vizuri kuliko alivyoandika Waitara, naye akaziandika vilevile. Ya tano, ya kuhara kwa ndama, hakuikumbuka. Waitara akaitunga upya palepale, akamsomea.

Agustina alisikiliza akinawa mikono. "Hapo pa kumkatia ndama maziwa siku nzima, sikubali," alisema. "Utamuua kwa njaa."

Waitara alifungua mdomo amweleze kwamba amefanya kazi hiyo miaka thelathini na miwili. Badala yake akafuta mstari, akasogeza kigoda karibu.

"Wewe huwa unafanyaje?"