Kihamba ni cha Nani

Ndelilio alikuwa mtu wa kujibu kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomla.

Siku Brenda alipofika kwake na kishikwambi mkononi, Ndelilio alikuwa kihambani, kwenye shamba la migomba linaloizunguka nyumba, akimkatia ng'ombe majani. Brenda alikuwa binti wa Mkuu, Rombo, aliyesoma mpaka chuo kikuu, akaajiriwa na mradi uliokuwa umeshinda ruzuku ya utafiti na ubunifu. Wafadhili walitaka kuona serikali ikiwahudumia watu upesi. Basi Dokta Godwin, mkubwa wa mradi, akawaahidi jambo: hati ya kimila ya ardhi, ile ambayo watu huifuatilia ofisini mpaka viatu vinaisha soli, sasa itatoka kwa siku tisa tangu muda wa pingamizi uishe. Kishikwambi kiulize maswali matano, kipige picha ya mipaka, kimalize.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepanda na viatu hivyo? Mlima utakucheka."

"Umeshanicheka tangu pale kwenye mfereji, mama. Nimeanguka mara mbili."

Wakacheka. Ndelilio akamtolea kigoda na bakuli la kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, na Brenda akala huku anabonyeza kioo chake.

"Haya mama, swali la kwanza. Kihamba hiki ni cha nani?"

"Ni cha baba. Mzee Ndesario."

Brenda akaandika Ndesario, akaendelea na swali la pili.

Sasa, angejibuje? Mwanamke aliyeolewa akaletwa kwenye kihamba cha watu hasemi "changu". Hata kama kila mgomba ameupanda kwa mkono wake, hata kama mume wake amezikwa hapo hapo, akiulizwa husema cha baba, yaani baba mkwe, hata baba huyo awe amelala chini ya udongo miaka ishirini. Kusema "changu" ni kama kusema umefurahi wenye nacho wamekufa. Mlimani kila mtu akisikia "cha baba" anaelewa: ni cha huyu aliyebaki hapa. Kishikwambi hakikuelewa. Brenda alielewa, maana na yeye mama yake hujibu hivyo hivyo. Lakini siku ile alikuwa na vihamba kumi na viwili vya kumaliza kabla ya mvua.

Mtendaji wa kijiji akawaambia watu wa mradi kwamba kama wanataka mipaka, wamshike Ndelilio, Mama Stella, maana hakuna anayeyajua masale kama yeye. Masale ndiyo mimea ya mpaka huku. Panapoota isale, hapo ndipo kwa mtu panapoishia. Basi Ndelilio akafunga kanga kiunoni, akasali, akawapandisha. Mwezi mzima aliwaonyesha mipaka ya wenzake vitongoji vya juu: hapa isale liling'olewa na mbuzi likarudishwa, pale walikatana mapanga wakapatana. Kahawa yake ya mwanzo ilimwivia mtini ikadondoka. Hakudai kitu. Alisema ni kazi ya Mungu, maana ugomvi wa mipaka umezika watu wengi.

Mwezi ulipokwisha, na siku tisa juu yake, akaja shemeji yake Eliakim. Eliakim alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Ndesario, anauza mitumba Kiboriloni, na kupanda mlimani kwake ilikuwa Krismasi na misiba. Safari hii hakukuwa na Krismasi wala msiba. Alikuja na bwana mmoja aliyevaa miwani ya jua, ambaye hata salamu hakumaliza, akaanza kupima uwanja kwa hatua.

"Karibu, shemeji," Ndelilio akasema. "Mbona hukupiga simu nikakuchemshia chai?"

"Mtu hupiga simu akienda kwake?"

Akatoa karatasi yenye muhuri. Ndelilio hakuwa amevuka darasa la saba, lakini kusoma alijua. Akasoma kihamba chake, migomba yake, kaburi la mume wake Eliudi, vyote kwa jina la Eliakim Ndesario.

"Huyu bwana anajenga nyumba ya watalii," Eliakim akasema, macho yake yako kwenye mbuzi. "Anasema mlima unaonekana vizuri kutokea hapa. Baada ya wiki tatu tunaandikiana. Usihofu, kaburi litazungushiwa uzio mzuri."

"Eliakim. Baba alikupa kihamba chako kule juu ulipooa. Ukakiuza."

"Serikali imesema, shemeji. Mimi ni nani nibishane na serikali?"

Kesho yake Ndelilio alikuwa ofisi ya kijiji kabla mlango haujafunguliwa. Brenda alipomwona, akaanza kujieleza kabla hajaulizwa.

"Mama, mfumo ukipewa jina la marehemu, unamtafuta mtoto wake wa kiume wa kwanza."

"Nani aliwaambia wa kwanza?"

"Ulitengenezwa hivyo. Walisema ndiyo mila."

"Mila ya wapi? Mkubwa hukatiwa kihamba chake akajitegemee. Anayebaki na baba ni kitindamimba, na Eliudi wangu ndiye alikuwa kitindamimba. Hata mbuzi wa hapa wanajua! Wewe ni mtoto wa Rombo, hukujua?"

Brenda akasema kwa sauti ya chini, "Nilijua, mama. Sehemu ya kuandika hilo haikuwepo." Akaongeza, kama mtu anayesoma tangazo, "Majina yalibandikwa ukutani hapa ofisini siku thelathini ili mwenye pingamizi aseme."

"Na siku hizo thelathini mimi nilikuwa wapi?"

Watu wa mradi walikuwa naye juu huko, akiwaonyesha masale ya watu.

Dokta Godwin alimpokea Ndelilio vizuri, na soda juu. Akamweleza kwamba kosa limeonekana, ila marekebisho hayakuwekwa kwenye fungu la awamu hii. Alhamisi wafadhili wanakuja Moshi mjini. Wakiridhika, watatoa ruzuku ya awamu ya pili, na humo kutakuwa na dawati la marekebisho.

"Jambo lako litakuwa la kwanza kabisa, mama. Ila utusaidie. Wewe ndiye shahidi wetu. Simama useme mradi umekufaa nini."

"Umenifaa nini, baba?"

"Sema tu lile la mipaka. Mengine yaache kwanza."

Alhamisi asubuhi Ndelilio alipiga magoti kando ya kaburi. Alitaka kumwomba Mungu ampe ulimi mtamu siku moja tu, kihamba kipone. Maneno ya kuomba hivyo hayakuja. Tangu siku ya kipaimara hajawahi kumwomba Mungu amsaidie kusema uongo, na hakujua hata sala hiyo inaanzaje. Akajifuta magoti, akavaa kitenge cha kwaya, akashuka mjini.

Ukumbini alijikuta ukutani. Picha yake, kubwa kama mlango, ameshika isale anacheka, na chini yake maneno ya kigeni. Wageni walikaa mbele. Nyuma yao watu wa wilaya, wa chuo, na watendaji wa vijiji. Ndelilio akasimama, Brenda akasimama pembeni kumtafsiria.

"Nawasalimu katika jina la Bwana," akasema. "Mimi ndiye yule wa ukutani. Niliwaonyesha hawa vijana mipaka ya kijiji kizima. Walipofika kwangu wakaniuliza kihamba ni cha nani, nikajibu kwa adabu, cha baba. Kwa neno hilo wamempa shemeji yangu, na shemeji anauza, na kaburi la mume wangu limo ndani. Hati imetoka kwa siku tisa, ni kweli. Kuirudisha, naambiwa nisubiri pesa zenu. Naomba, kabla hamjatoa nyingine, mnirudishie kwangu. Sina zaidi."

Akamtazama Brenda mdomoni. Kiingereza hakukijua, lakini watu alijua kuwasoma. Brenda alisema maneno machache kuliko yake. Alitaja "mama", akataja "siku tisa" kwa lugha yao, maana alionyesha vidole tisa. Kisha wageni wakatabasamu, wakapiga makofi. Mama mmoja wa kizungu mwenye mvi akaja kumshika mikono, machozi yanamlenga, akamwambia, "Asante. Asante sana."

Hakuna mtu anayesikia mwenzake amenyang'anywa kaburi la mumewe, akamwambia asante. Ndelilio akajua maneno yake hayakufika.

Lililomchoma zaidi lilikuwa nyuma. Huko nyuma wote walikijua Kiswahili. Wote walimsikia, neno kwa neno. Waliwatazama kwanza wageni, na walipoona wageni wanapiga makofi, nao wakapiga.

Ruzuku ya pili ilitoka. Dawati la marekebisho, wakasema, litafunguliwa Januari. Eliakim aliandikiana na yule bwana wiki hiyo hiyo, na vijana wa kukodi wakaja na mapanga wakafyeka masale ya upande wa barabara, wakasimika vigingi vya zege. Ndelilio aliachiwa nyumba mpaka mavuno ya kahawa yaishe. Stella, binti yake aliyeolewa Bomang'ombe, alishamwambia chumba kipo.

Jumapili moja baada ya ibada alirudi nyumbani akamkuta Brenda amesimama uwanjani, miguu pekupeku, ameshika jani la isale kwa mikono miwili. Huku ukimkosea mtu ukamletea isale, hawezi kukukatalia. Akikataa, laana inamgeukia yeye.

"Mama, mkataba wangu ulikuwa unaisha na awamu ile. Nikasema, nikitafsiri yote..."

"Ukasema utabaki bila kazi."

"Ndiyo, mama."

"Umebaki nayo?"

"Ndiyo, mama."

Ndelilio akalipokea isale. Hakulipokea kwa furaha, lakini alilipokea kwa mikono miwili, kama lilivyoletwa.

"Nimekusamehe. Isale halikataliwi, na Mungu wangu pia haniruhusu kukataa. Sasa niulize."

"Nikuulize nini, mama?"

"Lile swali lako la kwanza. Uliniuliza umekaa kwenye kigoda changu, unakula chakula changu. Niulize tena."

Brenda alilia kwanza. Kisha akauliza, "Kihamba hiki ni cha nani?"

"Changu."

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kulitamka neno hilo, na lilimkaa mdomoni chungu kama shubiri.

"Andika."

"Mama, kishikwambi kimebaki ofisini."

Ndelilio akalichomeka isale kwenye udongo hapo lilipofyekwa lile la mpaka, kando ya kigingi cha zege. Kisha akaingia ndani, akavua kitenge cha kanisani, akatoka na mundu, akaenda kukata majani, maana ng'ombe alikuwa analia, na ng'ombe hajui awamu.