Aliyemtangulia Tusekile

Mwaka wa tisini na sita, kanisa moja dogo la Rungwe, kusini mwa Tanzania, lilimtuma mchungaji Ambokile na mkewe Tusekile wakahudumu Kenya, kwa Wajaluo na Wakuria. Walipewa nyumba ya mabati pale Uriri, vyumba viwili na jiko la nje, na sharika nne za kulea, nyingine za kufikia kwa baiskeli, nyingine kwa boti. Ambokile alishika mimbari. Tusekile alipewa wagonjwa.

Na wagonjwa walikuwa wengi. Miaka ile ukimwi ulikuwa ukiingia boma baada ya boma, ingawa wachache walithubutu kuutaja. Wengi waliuita chira, maradhi ya mtu aliyevunja mwiko wa nyumbani kwao. Kila Jumapili baada ya ibada watu walimjia Tusekile wakamtajia wagonjwa wao, naye akaandika majina kwenye daftari. Wenye malaria aliwaendea. Wenye vidonda aliwaendea, akaosha, akafunga. Lakini kulikuwa na majina aliyoyaandika kisha akayaruka. Leo mvua, kesho mkalimani hana nafasi, kesho kutwa kichwa kinauma. Hakumwambia mumewe. Mdogo wake Tusekile alikuwa amefia hospitalini Mbeya kwa ukimwi, na siku tatu nzima Tusekile alisimama mlangoni mwa wodi, asiweze kupiga hatua moja ya kuingia.

Mwezi wa nne alibanwa. Edith, mwalimu mjane aliyekuwa akimfasiria Kijaluo, alimwambia waziwazi, "Mama Pasta, huyu msichana wa Kosele, Lynnet, uliandika jina lake tangu Februari. Wazazi wake wananiuliza mimi."

Wakaenda Alhamisi, jua likiwa utosini.

Benta, mama yake Lynnet, alikuwa uani akipura mtama. Alipowaona alitupa fimbo akaja mbio, akamkumbatia Tusekile kama wanaojuana miaka, huku akimimina Kijaluo bila kupumua. Edith alisikiliza, na tabasamu lake likafifia kidogo kidogo.

"Anasemaje?" Tusekile aliuliza.

"Anasema asante kwa kurudi. Anauliza mbona wiki iliyopita ulikuja peke yako, bila mimi."

"Mwambie sijawahi kufika hapa."

Edith akamwambia. Benta akacheka, akajibu mwenyewe kwa Kiswahili chake. "Mama, wacha mzaha. Si wewe ulinisalimia hiyo salamu ya kwenu? Shikamoo. Hapa hakuna mtu anasalimia hivyo. Mimi nikashindwa kujibu, ukanifundisha niseme marahaba."

Ndani, Lynnet alikuwa amelala kwenye godoro karibu na dirisha. Mwili ulikuwa umekwisha, lakini alikuwa ameogeshwa, shuka lake safi, na nywele zimesukwa mstari mmoja mrefu uliozunguka kichwa mara nyingi, ncha yake ikafichwa nyuma ya sikio la kulia. Tusekile aliishia mlangoni. Msuko ule alifundishwa na bibi yake mzaa mama. Mara ya mwisho alikuwa amemsuka hivyo mdogo wake.

"Nani amekusuka?" alimuuliza.

Lynnet alimtazama kwa mshangao. "Si wewe?"

Tusekile aliomba sala fupi, amesimama pale pale mlangoni, akatoka.

Ambokile aliposikia habari ile alitafuta maelezo, kama ilivyokuwa desturi yake. "Ni mama wa kanisa jingine," alisema. "Mpaka uko karibu, Watanzania hapa tumejaa. Na misuko hufanana."

Lakini Jumapili alikuja Machuki, shemasi wao Mkuria kutoka kule mpakani, mtu wa maneno machache. Alimpa Tusekile mikono yote miwili. "Mama, baba yangu mkubwa, mzee Gisiri, analala vizuri tangu Jumanne. Vile ulikaa na yeye mpaka jua likaingia, watu wa nyumbani wote wanakushukuru."

Ambokile alimgeukia mkewe. Jumanne ile Tusekile alikuwa kitandani na homa, na Ambokile mwenyewe ndiye aliyekaa naye kutwa akimwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso.

Walipofika nyumbani Tusekile alitoa daftari sandukuni, akaliweka mezani. Akamwonyesha mumewe kwa kidole. Lynnet wa Kosele. Gisiri. Mengine mawili, ya watu waliokuwa wamekwisha kuzikwa. Na la mwisho, Marcella, kisiwa cha Remba.

"Haya ndiyo majina niliyoyaruka," alisema. "Niliogopa, baba. Niliogopa kama nilivyoogopa Mbeya. Hakuna anayejua ni yapi, hata wewe hukujua. Lakini huyo anayekwenda anajua. Anapita mle mle nilimokataa kupita."

Ambokile aliweka viganja vyake juu ya daftari. Hakumlaumu. Hatimaye alisema, "Limebaki Remba. Twende kabla yake."

Iliwachukua siku tatu kuipata safari. Walilala Mbita, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, na asubuhi wakapanda boti ya injini iliyobeba magunia ya unga na masanduku ya soda. Ziwa lilikuwa limetulia mno. Magugu maji yalielea makundi makundi, kijani kibichi, na kila boti ilipoyapita yalifunga tena njia nyuma yake. Tusekile alishika ukingo wa boti kwa mikono miwili na hakuangalia maji.

Remba ni mwamba uliojaa mabati. Boti haikuweza kusogea mpaka nchi kavu, hivyo wapagazi waliingia majini mpaka kiunoni kuwabeba abiria mgongoni. Aliyemfikia Tusekile aliitwa Nicholas, kijana mwenye mabega mapana. Alipomwona usoni alisita.

"Mama, wewe tena? Si nimekushusha leo asubuhi?"

"Umenishusha mimi?"

"Wewe, na hicho kitenge. Na sijaona ukirudi." Akageuza mgongo, akamchukua, akapiga hatua mbili, akasimama ndani ya maji. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Asubuhi hukuwa na uzito. Nilidhani nimebeba shuka tu."

Alimtua kwenye mawe haraka, akaenda zake bila kungoja ujira.

Waliifuata njia nyembamba katikati ya vibanda. Omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, zilikuwa zimeanikwa chini juu ya nyavu, zikimeta, na harufu yake ilikaa kooni. Redio zilipiga kelele kila mlango. Lakini watu waliokuwa wakipiga gumzo walinyamaza Tusekile alipopita, wakamwangalia, kisha wakaangalia kule mbele alikokuwa akielekea, kama wanaolinganisha. Mama mmoja mkaanga samaki alimwita, "Umesahau nini, Mama Pasta?"

"Nyumba ya Marcella ni ipi?" Ambokile aliuliza.

Yule mama hakumjibu Ambokile. Alimwambia Tusekile polepole, "Nyumba umeingia saa hii."

Akaonyesha kibanda cha mwisho, karibu na miamba ya upande wa pili, ambako hapakuwa na redio wala watu. Mlango ulikuwa umerudishwa. Walipoukaribia walisikia mwanamke akiimba ndani, sauti ya chini, kwa Kinyakyusa, lugha ya kwao Rungwe. Ulikuwa wimbo wa kubembelezea watoto.

Ambokile aligeuka akautazama mdomo wa mkewe. Ulikuwa umefumba.

"Ni sauti yako," alinong'ona.

"Ndiyo."

"Tusiingie. Tuwaite watu kwanza."

Tusekile alitaka kukubali. Baadaye alisema kwamba hakuna kitu alichokitaka maishani kama kukubali neno lile. Mlango ule ulikuwa na rangi ile ile ya kijivu ya mlango wa wodi kule Mbeya. Lakini aliona kwamba akirudi, safari hii hatakuwa na mahali pa kwenda ambako yule hajafika. Akausukuma.

Wimbo ulikatika.

Ndani hamkuwa na mtu ila Marcella, mwanamke wa makamo, amelala kitandani macho yamefumba. Chumba kilikuwa kimoja tu, hakina dirisha wala mlango wa nyuma. Kando ya kitanda palikuwa na beseni la maji, na maji yale yalikuwa bado yanazunguka. Kitambaa kilichokamuliwa kilining'inia ukingoni, kikidondosha matone.

"Funga mlango, mama," Marcella alisema bila kufumbua macho. "Nasikia baridi. Mbona umeacha? Ulikuwa umefika mkono wa kushoto."

Mkono wa kulia, uso na shingo vilikuwa vimelowa. Wa kushoto ulikuwa mkavu, una vumbi na vidonda vidogo vidogo.

Ambokile alifunga mlango, akabaki ameuegemea. Tusekile alipiga hatua, ya kwanza, ya pili, mpaka goti lake likagusa kitanda. Akapiga magoti. Akachukua kile kitambaa, akakichovya, akaanza kwenye bega la kushoto, akashuka polepole mpaka kwenye vidole, akiosha kidole kimoja kimoja. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Marcella alishusha pumzi ndefu.

"Imba basi," alisema.

Akaimba. Sauti ilitoka kwa shida, imekwaruza, si tamu kama ile waliyoisikia wakiwa nje.

Walikaa Remba siku nane. Marcella alifariki siku ya saba, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Tusekile, na Tusekile ndiye aliyemwosha na kumvika. Kijana Nicholas alikuwa miongoni mwa waliobeba maiti kwenye boti kwenda kuzikwa kwao. Hakumkaribia Tusekile safari nzima.

Wiki waliyorudi, Tusekile alifika Kosele, akakaa na Lynnet mpaka jioni. Kisha wakaenda mpakani, kwa mzee Gisiri. Machuki aliwatangulia uani, akainama kwenye mlango wa nyumba ya nyasi. "Baba, Mama Pasta amerudi."

Mzee alijiinua kwenye kiwiko, akamkagua Tusekile kuanzia miguu hadi kichwa. Alikuwa mifupa mitupu, lakini macho yake yalikuwa makali.

"Siye," alisema.

"Ndiye, baba. Huyu ndiye alikaa na wewe."

"Nimesema siye. Yule hakuwa anaogopa."

Machuki alimtazama Tusekile kwa aibu, akaanza kuomba radhi kwa niaba ya mzee. Tusekile alimzuia kwa mkono.

"Ni kweli, mzee," alisema. "Mimi ni mwingine. Naogopa, lakini nimekuja."

Gisiri alimtazama kitambo. Kisha akacheka, kicheko kilichogeuka kikohozi, na kilipotulia akanyoosha kidole kwenye kigoda kilichokuwa karibu na kichwa chake.

"Kaa," alisema. "Jina lako nani?"